Kloridi ya damu ikishuka, ndiyo inayosimamisha moyo ghafla au ni shahidi tu?

#1 Mkazi_wa_Sinza
Wakuu, habari zenu. Kwenye karatasi ya majibu ya elektroliti kuna mistari mitatu ambayo kwa kawaida hufuatana: sodiamu, potasiamu na kloridi. Baba yangu ana moyo uliotanuka, anatumia furosemaidi, dawa ya kukojoa, kila siku, nami ndiye ninayempeleka kliniki. Kila anayeishika karatasi ile husoma mistari miwili ya kwanza, akaamua kuhusu dawa, kisha akaikunja. Majibu ya karibuni yalisomeka sodiamu 133, potasiamu 3.4, kloridi 86, na kando yake kiwango cha kawaida cha kloridi kimeandikwa 98 hadi 106. Nilipouliza kuhusu hiyo 86, niliambiwa kwamba itafuata sodiamu itakapopanda.

Nimeanza kusoma mwenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Glasgow walichapisha matokeo ya wagonjwa wa presha karibu 13,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, na waliokuwa na kloridi chini ya 100 walikufa zaidi kuliko wenzao, hata baada ya mambo mengine kuzingatiwa. Mwaka 2015 kundi la Cleveland liliwaangalia watu waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi, likakuta kwamba kloridi na sodiamu zikiwekwa kwenye hesabu moja, kloridi ndiyo inayobaki kutabiri vifo na sodiamu inapoteza uzito wake. Dai langu ni kwamba mstari wa tatu unaua, na kwamba sehemu ya vifo vya ghafla tunavyovisikia mitaani, mtu amekula vizuri jioni na alfajiri hayupo, inapita hapo. Mwenye hoja ya kupinga au kuunga mkono aiweke.

#2 Nesi_Temeke
Pole kwa kuuguza, ndugu. Uzi ni mzuri, lakini kuna hatua moja umeiruka. Kifo cha ghafla cha moyo kina maana yake kitaalamu: mtu afe ndani ya saa moja tangu dalili zianze kama kulikuwa na shahidi, au awe alionekana mzima ndani ya saa 24 zilizotangulia kama hakukuwa na shahidi. Tafiti zote mbili ulizozitaja zilihesabu vifo kwa ujumla wake. Mgonjwa wa moyo anaweza kufa polepole kwa maji kujaa mapafuni, kwa figo kuchoka au kwa maambukizi, na vyote hivyo vimo ndani ya hesabu ile. Kutoka "wenye kloridi ya chini hufa zaidi" hadi "kloridi ya chini inasimamisha moyo ghafla" kuna pengo ambalo tafiti hizo hazikulivuka.

#3 Mfamasia_Ilala
Naunga mkono #2, na naongeza la dawa yenyewe. Furosemaidi inaziba pampu iliyoko kwenye mrija wa figo ambayo kila inapozunguka hubeba sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili. Pampu hiyo ikizibwa, kinachomwagika kwa wingi kwenye mkojo ni kloridi. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka zaidi hupewa dozi kubwa zaidi, na mwenye dozi kubwa hupoteza kloridi zaidi. Kwa hiyo mtafiti akipanga wagonjwa kwa kufuata kloridi, amewapanga pia kwa kufuata ukubwa wa dozi na ukali wa ugonjwa, hata kama hakukusudia. Wanatakwimu hujaribu kuliondoa jambo hilo kwenye hesabu, lakini ukali wa ugonjwa hauondoki wote kwa hesabu.

Kuhusu moyo kusimama ghafla na dawa za kukojoa, upo utafiti wa 1994 wa Siscovick na wenzake. Wagonjwa wa presha waliotumia dozi kubwa za thiazaidi walikuwa na hatari kubwa ya moyo kusimama kuliko waliotumia dozi ndogo, na hatari hiyo ilipungua pale ilipoongezwa dawa inayohifadhi potasiamu. Mshukiwa wa kwanza pale alikuwa potasiamu, na mimi bado namshuku yeye.

#4 Mwalimu_Kemia_Tabata
Mfamasia, naona umezitenganisha potasiamu na kloridi kama vile kila moja inakaa nyumba yake. Tuanze na jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu analijua: katika mmumunyo wowote, jumla ya chaji chanya lazima ilingane na jumla ya chaji hasi. Katika maji ya damu, kloridi ndiyo inayobeba sehemu kubwa kuliko zote ya chaji hasi, na inayoifuata ni bikaboneti. Kloridi ikipotea kupitia mkojo au matapishi, nafasi yake haibaki tupu, kwa sababu figo huzuia bikaboneti isitoke ili chaji zilingane. Damu inakuwa ya alkali, potasiamu inaingia ndani ya seli, na figo nayo inaimwaga potasiamu nyingine nje. Mwisho wake ni umeme wa moyo kuchelewa kujirudisha, na mapigo ya hatari kupata pa kuanzia. Kwa mtiririko huo, anayesema "ni potasiamu" amekitaja kiungo cha mwisho cha mnyororo ulioanzia kwenye kloridi.

Ushahidi wa binadamu upo, na ni wa kusikitisha. Mwaka 1979 huko Marekani watoto wachanga walidhoofika, wakakataa kula, wakaacha kuongezeka uzito. Ilibainika kwamba maziwa ya soya ya kopo waliyokuwa wakinyweshwa yalitengenezwa yakiwa na upungufu wa kloridi. Damu zao zilikuwa za alkali na potasiamu yao ilikuwa chini. Tukio hilo ndilo lililosababisha sheria ya maziwa ya watoto ya 1980 nchini humo, na kloridi ikaingizwa kwenye orodha ya virutubisho vya lazima. Hapo hapakuwa na furosemaidi wala moyo uliotanuka. Kilichopungua ni kloridi, mengine yakafuata.

#5 Binti_Kigamboni
Asante Mwalimu. Sisi huku maji ya kisima yana chumvi kiasi kwamba chai ukiionja unajua imepikwa na maji gani. Je, inawezekana mtu anayekunywa maji hayo miaka yote akapungukiwa na kloridi?

#6 Mwalimu_Kemia_Tabata
Inawezekana kabisa, dada. Ulimi huanza kuitambua kloridi kwenye maji ikiwa karibu miligramu 250 kwa lita. Chukua kijiko kidogo cha chumvi ya mezani, yaani gramu 5, ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikivuke kwa siku: ndani yake kuna kloridi takriban gramu 3. Lita mbili za maji ya kiwango nilichokitaja zitakupa nusu gramu tu. Jambo la msingi ni kwamba kwa mtu mzima kloridi haipungui kwa kukosa kula. Hupungua kwa kutoka: matapishi, mkojo wa dawa, wakati mwingine kuhara. Pia maji yanaweza kuongezeka mwilini yakaizimua ile iliyopo, na mgonjwa wa moyo hupatwa na vyote viwili kwa pamoja.

#7 Kocha_Mbagala
Wakuu, mimi niko na vijana uwanjani saa tisa alasiri, jua la Februari, jezi zinakamuliwa jasho, na zikikauka zinabaki na michirizi myeupe ya chumvi mgongoni. Tumeona Marc-Vivien Foé akianguka Lyon mwaka 2003, na Christian Eriksen akianguka Copenhagen mwaka 2021. Je, si huko huko kwenye kloridi ya jasho? Vijana wangu nawapa madafu mapumziko.

#8 Nesi_Temeke
Kocha, Foé alikutwa na misuli ya moyo iliyonenepa isivyo kawaida, na ugonjwa huo ni miongoni mwa sababu kubwa za vijana wanamichezo kufa uwanjani. Eriksen aliokolewa kwa kukandamizwa kifua papo hapo na kushtuliwa kwa mashine, baadaye akawekewa kifaa mwilini. Hakuna aliyesema kwamba chanzo kilikuwa jasho. Ukitaka kuwalinda vijana wako, jifunzeni kukandamiza kifua, na uulize kila kijana kama kuna ndugu yake aliyefariki ghafla akiwa na umri mdogo. Madafu waendelee kunywa, ni matamu, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo ile michirizi ya jezi hujairudisha bado.

#9 Mteknolojia_Maabara
Kabla hamjaendelea kuijengea hoja hiyo 86, mtuulize sisi tunaopima. Namba ya elektroliti ni nzuri kadiri damu ilivyochukuliwa vizuri. Mgonjwa akikunja na kukunjua ngumi wakati mpira umefungwa mkononi, potasiamu hupanda bila sababu. Chembe nyekundu zikipasuka ndani ya bomba la sindano, potasiamu hupanda tena, na katika hali hiyo mgonjwa mwenye potasiamu ya chini kweli anaweza kuonekana mzima. Kloridi haisumbuliwi sana na mambo hayo, na hiyo ni sababu moja ya mimi kuiamini. Adui yake mkubwa ni dripu: damu ikichukuliwa mkono uleule wenye dripu ya chumvi, kloridi husoma juu mno, na nimeshayaona majibu ya namna hiyo yakitaka kubadilisha matibabu ya mtu. Ndugu wa #1, damu ya mzee ilichukuliwa vipi? Na bikaboneti ilipimwa?

#10 Mkazi_wa_Sinza
Alikuwa nyumbani, hana dripu, amekwenda asubuhi kwa miguu yake. Bikaboneti haikuwa kwenye fomu; nimeiomba na imerudi 33, juu ya kawaida.

Nesi, nakubali kwamba tafiti hazikutenganisha vifo vya ghafla, ila Mfamasia hajalijibu swali moja. Kama kloridi ni kivuli tu cha ukali wa ugonjwa na dozi ya dawa, sodiamu nayo ni kivuli hicho hicho, tena kilichojulikana kwa miaka mingi zaidi. Kwa nini vivuli viwili vikiwekwa pamoja kimoja kinatoweka na kingine kinabaki?

#11 Mwanafunzi_wa_Udaktari
Naomba nijaribu kulijibu hilo, kwa sababu kuna maelezo yasiyopita kwenye potasiamu moja kwa moja. Ndani ya figo kuna kundi la seli zinazoonja kiasi cha kloridi kinachopita kwenye mrija. Zikiona kloridi imepungua, hutoa amri ya renini kumwagwa, na renini huamsha angiotensini na aldosteroni, homoni ambazo kwa muda mrefu huukomaza moyo na kuutia makovu. Halafu zipo protini ziitwazo WNK. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kloridi hujishika moja kwa moja kwenye WNK1 na kuizima. Kloridi ikipungua ndani ya seli, WNK huwaka, na zikiwaka huziamuru pampu za chumvi za figo zifanye kazi kwa nguvu zaidi, zikiwemo pampu zilezile ambazo dawa ya kukojoa inajaribu kuziziba. Mgonjwa anaongezewa dozi, kloridi inashuka zaidi, pampu zinapambana zaidi, na maji hayatoki. Sodiamu haina kazi hiyo ya kutoa amri kwa WNK. Hajime Kataoka wa Japani amekwenda mbali zaidi na kupendekeza kwamba katika moyo kushindwa kazi, kloridi ndiyo inayoongoza mgawanyo wa maji mwilini. Kundi la Testani huko Yale lilijaribu kuwapa wagonjwa wachache kloridi iliyofungwa na lisini, isiyo na sodiamu, kwa siku chache. Kiwango cha kloridi kwenye damu kilipanda. Jaribio lilikuwa dogo mno kupima vifo.

#12 Mfamasia_Ilala
Maelezo mazuri, na yanaeleza kwa nini dawa inagoma. Bado hayaelezi kwa nini moyo unasimama ghafla usiku wa manane. Mgonjwa ambaye dawa imemgomea hufa kwa kujaa maji.

#13 Msomaji_Mikocheni
Nashangaa tumefika #12 bila mtu kuugusa moyo wenyewe. Seli za moyo zina milango yake ya kloridi, na jambo hilo si la jana: mwaka 1961 Hutter na Noble walikwishachunguza jinsi misuli ya moyo inavyopitisha kloridi na ioni nyingine hasi, na mwaka 1989 mlango wa kloridi unaofunguliwa na homoni za mshtuko ulielezwa katika seli za moyo. Seli ya moyo ikiwa imepumzika iko karibu na milivolti -85, ilhali kloridi huwa sawa kwenye voltiji iliyo juu ya hapo. Kwa sababu hiyo, mlango uleule ukifunguka wakati wa mapumziko huisogeza seli karibu na kufyatuka, na ukifunguka katikati ya pigo hulifupisha pigo. Kwa moyo wenye makovu, yote mawili ni mabaya.

Tena upo ushahidi wa kurithi. Mwaka 2017 watafiti wa Denmark walieleza familia mbili zenye ugonjwa wa QT fupi (QT ni muda wa umeme wa kila pigo kwenye kipimo cha ECG), ugonjwa wa umeme wa moyo unaoweza kuua ghafla, na walikuta hitilafu kwenye AE3, protini ya seli za moyo inayobadilishana kloridi na bikaboneti. Walipoipunguza protini hiyo kwa samaki wa maabara, ndani ya seli za moyo kukawa na alkali zaidi na muda wa pigo ukafupika. Hapo tuna kloridi, bikaboneti na kifo cha ghafla katika sentensi moja, bila dawa ya kukojoa kuhusika.

#14 Mfamasia_Ilala
Msomaji, utafiti huo naufahamu na ni wa thamani, lakini mlango uliovunjika ndani ya seli si sawa na upungufu wa kloridi ndani ya damu. Tena tazama upande: hitilafu ya AE3 inafupisha QT, ilhali alkali na potasiamu ya chini anazozisema Mwalimu huirefusha. Hamuwezi kuzitumia zote mbili kumtetea mshtakiwa mmoja.

#15 Mwalimu_Kemia_Tabata
Tunaweza, kwa sababu moyo huingia hatarini pigo likirefuka na pia likifupika. Ila nakubali kwamba njia ni mbili tofauti, na ya mzee wa Sinza, mwenye bikaboneti 33, ni ile ya kwangu.

#16 Mama_Ukonga
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mume wangu alitapika kwa siku kadhaa kwa ajili ya vidonda vya tumbo vilivyoziba njia ya chakula. Kwenye kituo kimoja alipewa potasiamu peke yake, ikapanda kidogo na kushuka tena, na moyo ukawa unaruka mapigo hadi mimi niliyekaa kando ya kitanda nauona mshipa wa shingo ukisita, ukipiga mara mbili haraka, ukisita tena. Alipohamishwa, daktari mmoja alisema mgonjwa huyu ana kiu ya kloridi, akaagiza dripu ya chumvi pamoja na potasiamu kloridi, na mapigo yakatulia. Kwa hiyo namwelewa Mwalimu. Swali langu ni la nyumbani: mgonjwa wa moyo aongezewe chumvi kwenye chakula?

#17 Nesi_Temeke
Hapana, mama, na naomba hili lisomwe na kila anayepita hapa. Mumeo alikuwa amekauka, na dripu ilimrudishia alichokipoteza. Baba wa #1 amejaa maji, na chumvi ya mezani itamletea sodiamu na maji zaidi hata kama kloridi itapanda kwenye karatasi. Wala asikimbilie chumvi mbadala yenye potasiamu kloridi. Utafiti mkubwa wa China wa 2021, kwenye vijiji 600 na watu karibu 21,000, ulionyesha kwamba chumvi hiyo inapunguza kiharusi, lakini mtu mwenye figo dhaifu au anayetumia spironolaktoni, dawa ya kukojoa inayohifadhi potasiamu, anaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukasimama.

#18 Mzee_wa_Magomeni
Wanangu, nauliza tu: potasiamu kloridi si ndiyo wanayowachoma waliohukumiwa kifo Marekani? Basi kloridi inaua ikizidi pia.

#19 Mfamasia_Ilala
Shikamoo, mzee. Ndiyo hiyo, ila anayeua pale ni potasiamu iliyoingia kwa kasi na kuuzima umeme wa moyo. Kloridi kiasi hichohicho ikiingia pamoja na sodiamu haileti jambo hilo. Kloridi ikizidi madhara yake ni mengine: dripu ya kawaida ya chumvi ina kloridi milimoli 154 kwa lita wakati damu ina karibu 100, na ikimiminwa kwa wingi damu huwa na asidi. Jaribio la Vanderbilt la 2018 liliona figo zikipata nafuu kidogo kwa dripu iliyosawazishwa, lakini majaribio ya Brazili ya 2021 na Australia ya 2022 hayakuona tofauti ya vifo.

#20 Mkazi_wa_Sinza
Nimefaidika sana. Mzee ameanzishiwa spironolaktoni wiki hii. Nimesoma kuwa katika jaribio la RALES la 1999 dawa hiyo ilipunguza vifo kwa asilimia 30 na vifo vya ghafla navyo vilishuka kwa kiwango kinachokaribia hicho. Mwanafunzi, hapo aliyeokoa ni potasiamu iliyohifadhiwa au ni aldosteroni iliyozibwa, ile uliyosema inaamshwa na kloridi ya chini?

#21 Mwanafunzi_wa_Udaktari
Jaribio lile haliwezi kuzitenganisha hizo mbili. Kinachonivutia zaidi kwa sasa ni asetazolamaidi, kwa kuwa inatoa bikaboneti na kuiacha kloridi. Mwaka 2022 jaribio la ADVOR la Ubelgiji liliiongeza kwenye dawa ya kawaida kwa wagonjwa 519 waliojaa maji, na waliokaushwa vizuri ndani ya siku tatu walikuwa asilimia 42 dhidi ya 30.

#22 Mfamasia_Ilala
Na vifo havikutofautiana. Halafu asetazolamaidi inaishusha potasiamu vilevile, kwa hiyo asiitafute mtu dukani kwa kusoma uzi huu.

#23 Mteknolojia_Maabara
Ndugu wa Sinza, mwombe daktari wenu aandike pia kloridi ya mkojo. Ni kipimo rahisi ambacho huombwa kwa nadra. Furosemaidi ikiwa bado inafanya kazi, kloridi ya mkojo husoma juu. Nguvu yake ikiisha kwa mtu aliyepungukiwa kweli, hushuka chini ya 20, kwa sababu figo inaikamata kila iliyobaki. Kwa hiyo mkojo uchukuliwe asubuhi kabla ya kidonge, na saa ya kidonge cha mwisho iandikwe kwenye fomu. Bila saa hiyo sisi huku maabara tunaitoa namba, lakini atakayeisoma hatajua ameikuta dawa au ameikuta figo.

#24 Mwalimu_Kemia_Tabata
Ukipata majibu yaweke hapa, pamoja na bikaboneti ya siku hiyohiyo. Ikiwa chini ya 20, nitamwomba Mfamasia atueleze hiyo dozi yake imejificha wapi.